Mrejesho: betri ya nyuma ya Hiace ya kulala sasa inajaa

Wakuu, niliuliza kwa nini betri ya lithiamu ya 100Ah nyuma ya Hiace haijai hata baada ya safari ndefu, na kwa nini inveta ya 1000W inapiga kelele nikiwasha jiko la wali la 800W. Mliosema nipime kwanza kabla ya kununua paneli nyingine ya sola, asanteni sana.

Injini ikiwaka, mita ilisoma 14.2V kwenye betri ya mbele na 13.4V nyuma, chaji ikiwa 20A. Waya wa 6mm², mita 6 kwenda na 6 kurudi, peke yake unakula 0.7V. Nimeweka waya wa 16mm² na chaja ya DC kwenda DC (inachukua umeme wa betri ya mbele na kuchaji ya nyuma) ya 30A iliyosetiwa 14.4V. Yenyewe inavuta kama 36A kutoka mbele, kwa hiyo fyuzi ni 60A, moja karibu na kila betri. Waya wa D+ (unaoiambia chaja ianze kazi) umeungwa kwenye swichi ya funguo. Ukiuacha na umeme muda wote, chaja itamaliza betri ya mbele gari likiwa limeegeshwa.

Kuhusu inveta: jiko lile linavuta karibu 70A upande wa 12V. Lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) ilikuwa imebanwa kwa koleo tu, ikaungua hadi plastiki ikageuka kahawia. Sasa inveta iko sentimita 80 kutoka kwenye betri, waya 35mm², fyuzi 125A, lagi zimebanwa kwa mashine ya haidroliki. Kelele hakuna.

Paneli naiacha kwanza.