Mrejesho: koti la drafti na shati la mistari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama koti la drafti linavalika na shati la mistari kwenye harusi ya mdogo wangu. Asanteni sana! Nilifuata ushauri wa kutofautisha ukubwa wa michoro: drafti pana za kijivu, mistari myembamba ya bluu, tai ya kufuma isiyo na maua. Ikakaa vizuri mno, shemeji akaishika tai akiuliza nimeitoa wapi.

Kitambaa ndicho kilichoniangusha. Mlisema kitani, mimi nikachukua sufu nzito Kariakoo kwa kupenda rangi. Kwa joto la Desemba hapa Dar, saa mbili usiku koti lilikuwa mgongoni mwa kiti. Na drafti hazikukutana kwenye mshono wa mgongo, zimepishana nusu inchi. Mwambieni fundi azikutanishe kabla hajakata, na mnunue kitambaa cha ziada.