Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kumlisha senta akafunga ilikuaje?

Wadau wa kikapu, leo tuongelee kuingiza mpira ndani, kwa senta, yule anayecheza karibu na ringi. Mi nlikua pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuanzisha mashambulizi, na senta wetu alikua ananyoosha mkono weee mpaka anachoka, mi nadribo tu halafu narusha toka nje. Sio uchoyo jamani, nlikua naogopa, maana kila nikimpa mpira unapotea. Kocha akatupiga marufuku mazoezini, hakuna kurusha mpaka mpira upitie kwa mtu wa ndani kwanza. Siku hiyo tulipoteza mipira mpaka aibu. Ndo akaja akasimama pembeni yangu akaniambia hebu angalia, difenda kakaa upande gani? Kumbe muda wote napiga pasi ya kifuani pale pale alipo difenda, ni kama nampa yeye. Akasema tafuta mkono ulio mbali na difenda, na kama hapo uliposimama hauonekani, dribo mara moja ushuke upande wa kona ndo uingize ya kudundisha. Nikashuka, nikapiga, mpira ukadunda chini ya mkono wa difenda, senta akageuka, ubao, ndani. Mpaka leo nausikia ule mdundo. Haya leteni zenu.

mgongo_wazi: Mi ndo yule senta wa kunyoosha mkono hahaha. Watu hawajui kazi ya kule chini, unasukumana na jitu, unalikalia kwa makalio na paja ili libaki nyuma yako, na hiyo nafasi inakaa kidogo tu imeisha. Gadi analeta pasi nishasukumwa, mara filimbi, nimezidisha sekunde 3 ndani ya eneo la chini ya ringi, lawama zote kwangu. Siku hizi nikiona mpira hauji natoa miguu yote miwili nje ya eneo narudi upya. Saa ya kushambulia ni sekunde 24, muda upo, haraka ya nini?

mfupi_ila: Mi mfupi na nafunga ndani kuliko warefu wetu. Nakata tu, yani nachomoka ghafla kuelekea ringi. Mpira ukishaingia kwa senta, difenda wangu lazima ageuze shingo kuuangalia, akigeuza tu nishapita nyuma yake. Shida ni senta asiyeona watu. Ndo maana namkubali Jokić wa Denver Nuggets kule NBA, msimu wa 2024-25 alikua na wastani wa asisti (pasi za kufungisha) 10.2 kwa mechi na ni senta huyo! Nikamtumia senta wetu klipu zake ajifunze, jamaa akaanza kupiga pasi bila kuangalia, wiki nzima mipira inaenda kwa mashabiki. Najuta.

benchi_la_sita: Kero yangu ni mtu anaingiza mpira ndani halafu anasimama kushangaa. Difenda wake anamuacha anashuka kusaidia, senta anabanwa na wawili, halafu wewe wa kwanza kulalamika kapoteza. Sogea mkuu, hata hatua tatu tu!

Mleta mada: @benchi_la_sita huyo ni mimi kabisa, senta alishanitukana katikati ya mechi kwa hilo. Shambulizi lililofuata nikaingiza nikakimbilia kona, wakamvaa wawili kweli, mpira ukarudi kwangu niko peke yangu, hakuna mtu hata wa kunipungia mkono. Nikarusha. Hata ringi haukugusa.