Kampuni imebadili jina: michoro ya zamani nayo ipande toleo?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kutunza michoro ya kihandisi.

Karakana yetu inachonga shafti na pampu. Mwezi uliopita kampuni ilibadili jina, na bosi anataka nembo mpya iwekwe kwenye michoro yote, kama 1,400 hivi. Mingine ni ya karatasi, imechorwa kwa mkono kabla sijaajiriwa.

Kinachonitatiza ni jedwali la marekebisho, yaani orodha iliyo kwenye mchoro inayoonyesha kila badiliko na herufi ya toleo lake. Nikibadili jina tu bila kupandisha toleo, kutakuwa na karatasi mbili zisizofanana, zote zimeandikwa toleo C. Hiyo siitaki kabisa. Nikipandisha yote, oda zilizoko kwa wateja bado zinataja C, na mkaguzi atauliza kipimo gani kimebadilika, wakati hakuna hata kimoja. Halafu ISO 7200, kiwango cha kimataifa cha kisanduku cha maelezo (kile chenye jina na namba ya mchoro), inataka mmiliki halali aonekane humo, kwa hiyo si suala la urembo tu.

Mimi naelekea hivi: mchoro ubaki na jina la zamani mpaka siku utakapofunguliwa kwa marekebisho ya kweli, ndipo jina libadilishwe humohumo na mstari uongezwe jedwalini. Historia ya nyuma na sahihi za waliochora zisiguswe. Kwa sasa tutoe barua moja inayosema majina yote mawili ni ya kampuni ileile.

Je, wateja wenu waliikubali barua ya namna hiyo? Na ile ya karatasi mliifanyaje, mlipiga muhuri au mliichora upya?