Ushauri: binti anauliza kwa nini Greenland ni kisiwa na Australia ni bara

MzaziNkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Binti yangu wa darasa la tano ameangalia ramani ya ukutani, akaona Greenland inakaribia kulingana na Afrika. Sasa anataka kujua kwa nini inaitwa kisiwa wakati Australia, inayoonekana ndogo, ndiyo bara. Shuleni kaambiwa akariri mabara saba basi. Mimi nataka aelewe. Nianzie wapi?

MwlKibaigwa: Anzia kwenye ramani yenyewe, mzazi mwenzangu. Mtindo huo ni wa mchora ramani Mercator, wa mwaka 1569, kwa ajili ya mabaharia. Nchi zilizo karibu na ncha za dunia hutanuliwa mno. Kihalisi Greenland ina kilomita za mraba kama milioni 2.2, Australia milioni 7.7, Afrika milioni 30. Tafuta tufe, binti aweke karatasi nyembamba juu ya Greenland, aichore, aikate, kisha aipachike juu ya Afrika. Atahitaji vipande kama 14 kuijaza. Hatasahau.

JiweLaBahi: Mwalimu yuko sahihi, ila ukubwa peke yake haumalizi swali. Greenland imekaa kwenye bamba moja la ardhi (yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia) na Amerika ya Kaskazini. Australia ina bamba lake. Mwaka 2017 wanajiolojia walitetea Zealandia ihesabiwe bara, ingawa takribani asilimia 94 yake iko chini ya maji, New Zealand ikiwa kilele tu. Walichotazama ni unene na aina ya miamba, mwinuko juu ya sakafu ya bahari, na mipaka inayoeleweka.

MzaziNkuhungu: Na Ulaya na Asia je? Mbona hakuna bahari kati yake?

JiweLaBahi: Hapo ni historia, mkuu, miamba haihusiki. Mwanahistoria Herodoto wa Ugiriki alishangaa zamani hizo kwa nini ardhi moja imepewa majina matatu: Ulaya, Asia na Libya (yaani Afrika). Mpaka ulikuwa Mto Don, karne ya 18 Warusi wakausogeza hadi milima ya Urali.

DadaKondoa: Kwenye mtihani aandike saba, asipoteze alama. Ila ajue kuwa nchi nyingi za Amerika ya Kusini zinahesabu Amerika yote bara moja. Likizo mpandishe basi la Manyoni: mkishapita Bahi, mkianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, mwonyeshe dirishani. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka, na matetemeko tunayoyasikia Dodoma yanatokana na hilo bonde.

MzaziNkuhungu: Asanteni sana. Kesho natafuta tufe sokoni Majengo.