Makoti ya baridi yenye kofia: mbona kila nchi ina jina lake?

Mgeni wa Theluji
Wanajukwaa, naomba mwongozo wenu. Natarajia kwenda masomoni katika nchi yenye baridi kali, na nimewauliza watu watatu wanaoishi ughaibuni ninunue koti gani. Aliyeko Kanada amenisisitizia nisisafiri bila parka. Aliyeko Ufaransa anasema doudoune inatosha. Naye aliyeko Japani ameshangaa kusikia parka ikisifiwa hivyo, kwa kuwa huko neno hilo hutumika kwa fulana nzito ya pamba yenye kofia. Je, hizi ni nguo tofauti, au ni nguo moja yenye majina mengi?

Fundi Cherehani
Ndugu, ni nguo tofauti, ila majina nayo yamehama kutoka nguo moja hadi nyingine, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Parka na anorak (jaketi la upepo lenye kofia) zote zina asili ya watu wa Aktiki, yaani eneo la baridi kali kaskazini kabisa mwa dunia, lakini si watu wamoja. Neno parka ni la Wanenets wa kaskazini mwa Urusi; lilipita katika Kirusi, likafika Alaska, ndipo Kiingereza kikalichukua. Anorak ni neno la Greenland lililoingia Ulaya kupitia Kidenishi. Anorak ya asili haifunguki mbele: huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, ili upepo usipate mwanya kifuani. Wanorwei wangali wakiifahamu hivyo, na anorakk yao kwa kawaida ina zipu fupi ya shingoni tu, tena mara nyingi ni kitambaa chepesi kisichojazwa kitu. Wajerumani, kwa upande wao, huita Anorak hata jaketi lenye zipu ya kutoka juu hadi chini. Parka ya leo hufunguka mbele, huwa na bitana nzito, na hushuka hadi mapajani au magotini.

Doudoune ni koti lililojazwa vinyoya laini vya bata au bata bukini. Waitalia huliita piumino na Warusi pukhovik, majina yote mawili yakitokana na vinyoya hivyo. Wanorwei walitazama umbo, wakaliita boblejakke, yaani jaketi la mapovu, kwa ajili ya vile vyumba vya vinyoya vilivyotuna. Wadenishi wakaona mfarishi wa kitandani, wakaliita dynejakke. Zingatia kwamba doudoune inaweza kuwa fupi, nyembamba na isiyo na kofia kabisa, kwa hiyo ushauri wa Kanada na ule wa Ufaransa haulingani.

Mpenda Historia
Naongeza koti moja ambalo utalikuta katika kila orodha ya nguo za baridi. Katika mji wa Duffel, Ubelgiji, kulitoka kitambaa kizito cha sufu ambacho Waingereza walikishonea koti lenye kofia pana na vifungo vya mbao au pembe vinavyopitishwa katika vitanzi vya kamba, ambavyo baharia aliweza kuvifunga bila kuvua glavu. Waingereza huliita duffle coat. Jemadari Bernard Montgomery wa jeshi la Uingereza alionekana nalo mara nyingi katika Vita Kuu ya Pili, na hadi leo Waitalia, Waajentina na Wachile huliita montgomery, ilhali Wahispania husema trenca. Ni koti zuri la mjini, si la dhoruba ya theluji.

Kuhusu Urusi kuna kichekesho kidogo. Parka ya Jeshi la Anga la Marekani, ile ya miaka ya 1950 ambayo kofia yake hufungwa hadi kubaki tundu dogo la kuchungulia, Warusi huiita alyaska, yaani kwa jina la Alaska, nchi waliyoiuza wenyewe kwa Wamarekani mwaka 1867.

Mgeni wa Theluji
Nashukuru sana. Je, yale manyoya ya ukingoni mwa kofia yana kazi, au ni pambo tu?

Fundi Cherehani
Yana kazi, mradi yawe marefu na mazito. Hupunguza kasi ya upepo mbele ya uso, hivyo hewa yenye joto la mwili ikatuama hapo badala ya kupeperushwa. Wainuit, wenyeji wa Aktiki ya Amerika na Greenland, huthamini sana manyoya ya mnyama aitwaye wolverine, kwa sababu barafu inayotokana na pumzi hupanguswa juu yake kwa urahisi.

Unapoagiza, liache jina pembeni usome maelezo: urefu wa koti, kama zipu imefunikwa kwa ukanda wa kitambaa, na kama kofia inatosha kuvaliwa juu ya kofia nyingine ya sufu. Kisha uliza hali ya hewa ya huko uendako, kwa sababu vinyoya vya bata vikilowa husinyaa na kupoteza joto. Kama ni mji wa mvua na theluji inayoyeyuka, chukua koti lililojazwa nyuzi za viwandani, hata kama muuzaji ameliandika parka.