Tamthilia ya mwandishi wa udaku: ioneshwe au ifungiwe?

Kijana wa Jang'ombe: Jamani, hii tamthilia ya Kimarekani waliyoitia Kiswahili, ya yule anayekula kwa kuandika siri za watu gazetini. Kwetu ikishaswaliwa isha hatoki mtu, watoto nao macho pima. Mie nasema ifungiwe. Umbea wenyewe mambo ya kike, sisi wanaume tunateswa bure.

Binti Michenzani: Mambo ya kike? Walter Winchell, aliyekuwa akiwaanika watu gazetini huko New York miaka ya 1930, alikuwa akijifunga kanga? Na nyinyi pale Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe, na vikombe vya kahawa, mnadurusu msahafu?

Mzee wa Darajani: Mwanangu, pale ni siasa na mpira. Tuheshimiane. Halafu Winchell alianza kabla, miaka ya 1920. Soma kwanza.

Mtu wa Wete: Siasa gani, mzee wangu? Juzi nimekaa pale nasubiri boti, ndoa ya jirani yangu imechambuliwa mpaka mahari. Mie jirani nilikuwa siijui!

Mzee wa Darajani: Nyie Wapemba mkija mjini mnasikiliza hata msiyoitiwa.

Mtu wa Wete: Ahsante mzee. Ila waliokuwa wakisema walikuwa wa mjini.

Karani Mstaafu: Turudi kwenye mada. Gazeti la Dira lilifungiwa hapa Zanzibar 2003, nalo halikuandika nani kalala kwa nani. Ya udaku yakishuka na boti kutoka bara, nani kayagusa? Ulizeni hilo kwanza.

Binti Michenzani: Mzee wa Darajani hajajibu habari ya mahari.

Shabiki wa Taarab: Mbona umbea tunao zamani? Siti binti Saad alikuwa akiimba ya watu.

Binti Michenzani: Koma! Siti usimtie humo. Wimbo wake wa Kijiti ni kesi ya mauaji ile: muuaji katoroka, wakafungwa wanawake. Aliimba lililokuwa halisemeki. Huo ndio umbea?

Shabiki wa Taarab: Shoga, mie nimemsifu, weye umevaa ngumi.

Binti Michenzani: Mie si shoga yako.

Karani Mstaafu: Hakuna atakayenijibu ya Dira?

Kijana wa Jang'ombe: Mtu wa Wete, kwani hiyo mahari ilikuwa ngapi?