Koki ya rejeta inavuja na presha ya boila inashuka kila siku

Ndugu zangu, salaam. Tumepanga nyumba hapa Coventry tangu mwezi wa tisa. Tangu baridi ianze na tuwashe boila, mtambo unaopasha maji yanayozunguka kwenye rejeta za ukutani ili nyumba ipate joto, kila asubuhi naikuta presha imeshuka chini ya bar 1, nami hufungulia maji hadi ipande. Jana nimekuta zulia la chumba cha watoto limelowa chini ya rejeta, na doa lake ni jeusi kama wino. Naomba mwongozo.

*

Dada, pole sana. Doa hilo jeusi lisikutie hofu, kwa sababu maji yanayozunguka ndani ya rejeta ni yale yale miaka nenda miaka rudi, na weusi wake ni kutu ya chuma iliyosagika. Ninalokuomba kwa dhati ni uache kuongeza maji kila asubuhi. Mimi nilifanya hivyo msimu mzima wa baridi nilipohamia Leeds, nikiamini naitunza mitambo, kumbe maji mapya huingia na oksijeni inayoila chuma kutoka ndani, na uvujaji wenyewe ulikuwa ukiendelea kulowesha mbao za sakafu. Kufikia mwezi wa tatu, dari ya sebuleni ilikuwa na duara la manjano lenye ukubwa wa sinia.

Leo usiku, rejeta ikishapoa, ikaushe koki kwa kitambaa, kisha uizungushie karatasi ya chooni sehemu tatu: pale bomba la shaba linapoingia kwenye koki, pale nati kubwa inapoiunganisha koki na rejeta, na juu, chini ya kile kichwa cha plastiki chenye namba 1 hadi 5. Kichwa hicho hufunguliwa kwa mkono, na ndani yake utaona kijiti chembamba cha chuma kinachopanda na kushuka. Maji huteremka yakifuata bomba, hivyo anayetazama sakafuni pekee hudhani tatizo liko chini. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo itakayokuonyesha. Kwangu ililowa ya juu, penye kijiti, ikabidi koki nzima ibadilishwe.

Nati ikiwa ndiyo inayovuja, fundi hushika mwili wa koki kwa spana moja na kukaza nati kwa spana ya pili, robo mzunguko tu, kwa kuwa anayekaza bila kuishikilia koki hulipinda bomba. Na ikiwa maji ya mfumo yatamwagwa, hakikisheni yanarudishiwa dawa ya kuzuia kutu, jambo ambalo fundi mwenye haraka hulisahau.

Karatasi zote zikibaki kavu, toka nje ulitazame bomba dogo la shaba linalochomoza ukutani karibu na boila. Likidondosha maji, basi inayoachia ni vali ya usalama, ambayo hufunguka presha inapofika bar 3, na hilo linahusu boila yenyewe. Boila ya gesi asiifungue mtu yeyote asiyesajiliwa na Gas Safe, yaani rejista rasmi ya mafundi wa gesi. Mwombeni kitambulisho chake mlangoni, msome na upande wa nyuma kuona kazi anazoruhusiwa.

Lakini ninyi ni wapangaji, kwa hiyo nawasihi msishike spana. Kwa England, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 1985 kinamwajibisha mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya kupasha joto nyumba na maji, katika mikataba ya upangaji ya chini ya miaka 7. Mwandikie leo hii, usiishie kumpigia simu, na uambatanishe picha ya doa pamoja na picha za geji za asubuhi na jioni.

*

Kaka, ahsante sana. Imelowa karatasi ya nati kubwa, nyingine mbili ni kavu. Nimemwandikia mwenye nyumba asubuhi pamoja na picha, na fundi anakuja Alhamisi. Zulia nimelikunja, na kibakuli nilichokitega tangu usiku kimekusanya maji ya kikombe kimoja cha chai.